Papa wa Ijumaa Kuu

Siku hizi watu wakiniuliza ujana wangu nilisomea nini, huwajibu kwamba nilisomea kuchoka. Hucheka, wakidhani natania. Sitanii hata kidogo. Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu wa shule ya kati upande wa Iyunga, Mbeya. Mchana nilikuwa mwalimu, alfajiri nilikuwa mwanafunzi. Nchini kwetu chuo kikuu hakikuwepo, hivyo nilisoma kwa posta, na walimu wangu walikuwa Waingereza nisiowajua sura, walionirudishia kazi zangu miezi miwili baadaye zikiwa na wino mwekundu, wakati mimi mwenyewe nimeshasahau niliandika nini.

Kabla hawajakuruhusu kuianza shahada yenyewe, kulikuwa na mtihani wa awali. Mtihani huo ulitaka sayansi nne kwa mpigo: fizikia, kemia, botania na zuolojia. Huwezi kuchagua mbili unazozipenda. Ukianguka moja umeanguka zote, unarudi mwanzo. Nikifaulu, mkuu wetu wa shule alikuwa ameniahidi kuniombea nafasi ya kwenda chuo kikuu Kampala, nikasome kama watu wengine, mbele ya mwalimu aliye hai. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Mke wangu alijua hivyo, nami nilimwambia kwamba tungehama wote.

Sijui kama mtu aliyesoma darasani anaweza kuelewa ule usomaji. Botania ilinifundisha maua ya Ulaya yanayochanua baada ya theluji, nami nje ya dirisha langu nina pareto na migomba. Kemia niliifanyia kwenye jiko la primasi, na mke wangu akapoteza sufuria mbili nzuri kwa ajili ya elimu yangu. Fizikia ilikuwa kufuli lililoning'inia kwenye boriti ya dari likibembea, nami nimekaa chini yake na saa mkononi nikipima mwendo wake, wageni wakiingia wanainama. Kichwa changu kilikuwa kama blanketi la bweni: ukilivuta lifunike mabega, miguu inabaki nje. Nikishika kemia, botania inanitoroka. Nikirudi kwenye botania, hesabu za fizikia zimeshaota ukungu.

Mtihani ule nilikuwa nimeshaufanya mara moja nikaanguka, na kilichoniangusha ni samaki. Sehemu ya vitendo ilifanyika Nairobi, safari ya basi na vumbi ambayo mwili wangu unaikumbuka kuliko akili. Waliniwekea mezani samaki wa kijivu, urefu wa mkono, ngozi inakwaruza kama msasa. Alikuwa papa mchanga. Nilitakiwa kumfungua kichwa na kuonyesha mishipa yake ya fahamu. Mimi ni mtu wa Tukuyu; samaki niliyemjua ni wa Ziwa Nyasa, tena akiwa amekaushwa. Mishipa ile nilikuwa nimeikariri kitabuni yote kumi, kila mmoja na namba yake, lakini papa mwenyewe sikuwahi kumwona. Nilikata kwa kubahatisha, nikaikata mishipa yenyewe. Msimamizi alipita, akatazama, akaendelea na safari yake.

Nilirudi Mbeya na hasira, nikaapa kwamba safari ijayo papa nitakuwa nimempasua kwanza mimi mwenyewe, kwa wakati wangu.

Sasa papa utampata wapi katika nyanda za juu? Mke wangu kwao ni Iringa, mtaa wa Mlandege, na huko kulikuwa na mfanyabiashara wa Kihindi mwenye malori yaliyokwenda Dar es Salaam kuchukua chumvi na nguo. Tulipokwenda kusalimia wakwe, nilizungumza na dereva wake mmoja, mtu wa pwani, mcheshi. Nilimwambia nataka papa mdogo. Aliporudi aliniletea papa kweli: amepasuliwa katikati, amebanjuliwa, mkavu kama ubao, ananuka hadi barabarani.

"Bwana, huyu nimfanyie nini?" nilimuuliza.

"Si umpike, mwalimu? Papa wa bara ndiye huyu. Siku zote mnamla hivihivi."

Tulimpika. Nikamweleza dereva upya, taratibu, kwamba namtaka mzima, hajaguswa na kisu, kichwa kiko mahali pake, amelazwa ndani ya debe la maji ya chumvi. Alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu, nimewahi kubeba maiti," alisema, "na haikutaka heshima yote hiyo."

Lakini aliahidi. Angempata likizo ya Pasaka, na ilibidi iwe wakati huohuo, kwa sababu baada ya hapo masika ingeifunga barabara ya mlimani, na mtihani ulikuwa unanikaribia.

Kwa hiyo Pasaka ile tulikwenda Mlandege. Lori lilitazamiwa Jumamosi. Alfajiri ya Ijumaa Kuu nilichukua baiskeli ya shemeji yangu nikaenda misheni ya Tosamaganga, ambako mgawa dawa mmoja wa hospitali alikuwa amekubali kunipa chupa ya formalini, ile dawa inayozuia nyama isioze. Nilipanda vilima kwa miguu nikiisukuma baiskeli, nikateremka nikiomba breki zisinisaliti. Nilingoja ibada iishe ndipo nikapewa chupa. Nilirudi jioni, chupa imefungwa kwenye koti langu kama yai. Nilikuwa nimechoka, lakini kwa mara ya kwanza katika mwaka ule nilichoka kwa raha. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa papa.

Nilianza kusikia harufu kabla sijaingia uani. Kitunguu, nyanya, na kitu kingine cha chumvi ambacho Mlandege haikukizoea. Uani kulikuwa na majirani, wengine bado na nguo zao za kanisani. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, uso umemng'aa.

"Kamwene, mkwe!" aliniamkia kwa Kihehe, tena kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. "Karibu, karibu! Bwana, umetuheshimu."

Debe lilikuwa limelala ubavu karibu na jiko, tupu.

Dereva alikuwa ameyakimbia mawingu, akafika Iringa siku moja kabla. Mtu mwema yule: badala ya kuniachia mzigo dukani alinifikishia nyumbani. Mama mkwe alifungua debe akakuta samaki wa baharini, mzima, siku ambayo Mkatoliki hagusi nyama, na majirani zake wote wamejipikia maharage. Kwao mkwe haleti samaki ili amtazame. Akileta kitu nyumbani kwa wakwe, ni heshima yao, na heshima hailali.

Nilisimama na chupa yangu ya formalini. Ningesema nini, na nimwambie nani? Kwa desturi ya nyumba ile mkwe haongei na mama mkwe uso kwa uso. Yeye alikuwa jikoni, mimi uani, na maneno yetu yalipita kwa mke wangu aliyesimama mlangoni kati yetu.

"Mama anasema asante sana," mke wangu alisema bila kunitazama. "Anasema hii samaki ya pwani ni tamu, hajapata kuona. Anasema Mungu akubariki."

"Mwambie asante," nilijibu. Roho yangu ilikuwa inapasuka.

Tukala. Kichwa, kama inavyostahili, alipewa baba mkwe. Nilikaa mkabala naye, tonge la ugali mkononi, nikamtazama mzee wa watu akikivunja kile kichwa kwa vidole, akifyonza gegedu moja baada ya nyingine, na mishipa yangu ya fahamu ikishuka kooni mwake kwa utaratibu. Mshipa wa tano. Wa saba. Ule wa kumi, mrefu, unaokwenda hadi tumboni, nafikiri uliishia kwenye sharubu zake. Alipomaliza alijifuta mkono akasema mkwe aliyesoma ni kitu kizuri. Majirani wakaitikia. Mimi pia niliitikia. Samaki alikuwa mtamu kweli, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Asubuhi yake nilimfuata mke wangu bombani. Alikuwa analisugua debe kwa mchanga.

"Dereva alipokuja ulikuwepo?" nilimuuliza.

"Nilikuwepo."

"Na ulijua ni wa nini?"

Aliendelea kusugua. "Nilijua."

"Sasa kwa nini hukumwambia mama yako?"

"Mama alishaita majirani," alisema. "Alishasema mkwe wangu ametuletea samaki. Ulitaka nimwambie nini, eti samaki ni ya kupasua na kutupa? Tangu umenioa, mama hajawahi kukuona umebeba kitu isipokuwa vitabu. Watu wanamuuliza, mkwe wako analeta nini? Jana alikuwa na kitu cha kujibu."

"Na mtihani wangu?"

"Mtihani wako," alisema, akaumwaga mchanga wa debe.

Nilikasirika kupita kiasi. Nilimwambia kwamba nikianguka tena, ajue nani ameniangusha. Nilisema hivyo mbele ya wanawake waliokuwa wakingoja maji, kisha nikaondoka. Ndani ya basi la kurudi Mbeya hatukuzungumza, na mvua ilianza kabla hatujafika Makambako.

Wiki zilizofuata nilimfuata papa kwenye karatasi. Nilimchora kichwa alfajiri, nikamchora wakati wa mapumziko ya shule, nikamchora ubaoni wanafunzi wakidhani ni somo lao. Nilikuwa na kisasi na yule mnyama. Kufuli la fizikia lilining'inia darini bila kuguswa hadi buibui akajenga juu yake. Mke wangu aliweka chakula mezani, akaondoa vyombo, akaulizia nguo za kufua. Tulikuwa tunaongea kama karani na mteja.

Nairobi, siku ya zuolojia, nilifunua kitambaa kilichofunika sinia langu. Alikuwa chura. Chura wa kawaida kabisa, kama wale wanaopiga kelele mtoni Iyunga usiku kucha, ambao nilishawapasua kwa makumi bila kuagiza lori. Nilitaka kucheka na sikuwa na nguvu. Nilifanya kazi safi. Siku iliyofuata ilikuwa fizikia. Walinipa nyaya, betri na mita ya umeme, nami sikuwa nimeishi katika nyumba yenye umeme hata siku moja, wala sikuwa nimekifungua kitabu chake tangu Pasaka. Nilipoziunganisha, sindano ya mita haikusogea. Nilizifungua nikaziunganisha upya. Haikusogea. Niliendelea hivyo mpaka kengele ikalia.

Matokeo yalifika wakati wa kiangazi, pareto ikivunwa. Niliyasoma palepale posta, nikarudi nyumbani kwa miguu bila haraka. Mke wangu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Aliuona uso wangu, akauweka ungo chini.

"Umeanguka," alisema.

"Nimeanguka."

Aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Ni ile samaki?"

"Hapana," nilisema. "Zuolojia nimefaulu, tena vizuri. Walileta chura. Nimeanguka fizikia."

"Samaki haikuulizwa?"

"Haikuulizwa kabisa."

Alijifunika uso kwa upande wa khanga, mabega yakaanza kumtikisika. Alilia kwa muda mrefu, nami nikasimama kama mgeni asiyejua aketi wapi. Alipoweza kusema alisema tangu Pasaka alikuwa hapati usingizi, kila siku akinisikia naamka na taa yangu na kujua kwamba ni yeye wa kulaumiwa. Nikitoka kwenda Nairobi ni yeye. Nikikohoa ni yeye. Miezi yote ile nilidhani amenuna, na nilikuwa nimemwacha anune.

Nilikaa chini karibu naye. Nilimwambia mkuu wa shule atasema nianze upya, zote nne, maana sheria ni hiyo. Nilimwambia kwamba kemia nimepata alama nzuri kuliko mara ya kwanza, na kwamba fizikia si ngumu, ni umeme tu, na kwamba pengine mwaka huu nikipanga saa zangu vizuri zaidi nitafaulu. Nilijisikia nikizungumza. Alivuta ungo, akarudia kuchambua, chuya upande huu, mchele upande ule, mpaka maneno yangu yakaniishia yenyewe.

"Nimechoka," nilisema.

Hakuinua macho.

"Mimi nilishachoka zamani," alisema. "Nilikuwa nakungoja wewe."