Niliposaini Risasi Mbovu

Siku yangu ya kwanza kazini Dubai nilimnyang'anya mteja bastola. Sikuwa nimemaliza hata saa mbili. Alikuwa mfanyabiashara mnene aliyekuja na rafiki zake watatu, na mmoja wao alipomwita kwa jina, aligeuka mzima mzima, bastola mkononi na kidole kwenye triga, akatuelekezea sisi sote tuliosimama nyuma yake. Nilimshika kifundo cha mkono, nikaurudisha mtutu upande wa shabaha, nikaichukua ile bastola na kuitoa risasi. Kisha rafiki zake wakacheka, naye akacheka, na nyuma yangu nikamsikia mkuu wangu mpya akicheka kuwashinda wote.

"Taratibu, Sajenti," aliniambia. "Hapa si kambini. Watu wamekuja kufurahi."

Ningepanda ndege jioni ile ile nikarudi Muheza, leo ningekuwa mtu mwenye usingizi mzuri zaidi. Sikupanda.

Vijana wengi hunijia sasa kuniuliza habari za kazi za ulinzi na silaha huko Ghuba, nami nimeona niandike mara moja, kwa ukamilifu, ili nisiwe narudia kukasirika kila wiki. Nilistaafu jeshini Tanzania kwa cheo cha sajenti. Nilikuwa mkufunzi wa shabaha na mtunza ghala la silaha. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi wakala mmoja alinipatia kazi katika klabu ya shabaha, mahali pa ndani penye kiyoyozi, nje kidogo ya mji, watu wanapokuja kupiga bastola na bunduki kama wengine wanavyokwenda kucheza mpira. Cheo changu kilikuwa msimamizi wa mstari. Mstari ni pale wapigaji wanaposimama, kila mmoja katika kizimba chake, mitutu yote ikitazama mbele. Msimamizi akisema "simama", kila mtu anaacha kupiga, awe meneja, awe mwana wa tajiri. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo kazi hiyo inavyoendeshwa mahali popote penye watu wenye akili.

Juu yangu alikuwepo Mkuu wa Wakufunzi, yule aliyecheka siku ya kwanza. Kila mtu alimwita Kepteni. Wa jeshi gani? Kila mteja alitajiwa jeshi tofauti. Mtu mrefu, ndevu zimechongwa vizuri, suruali yenye mifuko mingi isiyo na kitu ndani. Alipendwa sana. Alikuwa na ushauri kwa kila mtu, na karibu wote ulikuwa wa hovyo.

Wanawake aliwapa bastola ndogo kuliko zote, akiwaambia ni "ya kike", haitawaumiza. Uongo mtupu. Kadiri bastola inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyozidi kupiga teke, kurudi nyuma kwa nguvu. Nimeona mabinti wakitoka pale na kiganja kimechubuka, wakiamini udhaifu ni wao. Kijana mwembamba akiogopa teke la bunduki kubwa, Kepteni alimwambia aishike mbali na bega. Mbali na bega! Kitako kinatakiwa kikandamizwe begani kiwe kama sehemu ya mwili, vinginevyo kinakuja kama nyundo. Kijana yule aliondoka na mtulinga umevimba. Kepteni alipiga naye picha.

Wateja nao walikuwa na yao. Mmoja alijifunza kwenye michezo ya kompyuta, akataka kushika bastola ikiwa imelala ubavu. Bibi harusi mmoja alikuja na shela lake hadi kwenye mstari, nikamwomba alikunje maana ganda la moto linaporuka kutoka kwenye silaha linaweza kuunguza kitambaa, mama mkwe wake akaniita mwenye wivu. Hao sikuwachukia. Mteja ana haki ya kutojua. Ninayemchukia mpaka leo ni anayejifanya anajua na kulipwa mshahara kwa hilo.

Msaidizi wangu kwenye mstari alikuwa dada wa Kiganda aitwaye Namukasa. Alifika Dubai kama mlinzi wa duka kubwa, akaomba kuhamia klabuni. Nimefundisha askari mamia, na sijapata mwanafunzi kama yule. Alikuwa akisikiliza sauti za risasi kama fundi anavyosikiliza injini. "Mzee," aliniambia siku moja, "kizimba cha tatu risasi moja imelia vibaya." Mimi nilikuwa nimesimama karibu zaidi na sikuwa nimeisikia.

Tulisimamisha mstari. Niliifungua ile bastola, nikapitisha fimbo ya kusafishia kwenye mtutu, ikagota katikati. Hili lazima nilieleze. Risasi ina ganda, ndani yake baruti, na juu kichwa kinachoruka. Baruti ikiwa pungufu au imeharibika, kichwa kinasukumwa kidogo tu na kukwama ndani ya mtutu. Badala ya mlio mkubwa unasikia "pu", kama mtu aliyekanyaga kopo. Mpigaji mgeni hufikiri bastola haikupiga, na huvuta tena. Risasi ya pili inakuta njia imezibwa, na mtutu unapasuka mkononi mwake, mbele ya uso wake.

Nilimwonyesha Kepteni kichwa kilichokwama. Alikigeuza kiganjani. "Bahati mbaya ya mara moja," alisema.

Haikuwa ya mara moja. Katika boksi za shehena iliyotoa risasi ile nilikuta nyingine mbili wiki hiyo hiyo. Nikaenda kwa Meneja wa Uwanja. Huyu alikuwa mtu mpole, mwenye ofisi safi na sahani ya tende mezani, na upole wake ndio uliokuwa hatari.

"Sajenti, ninakuheshimu," alisema. "Lakini msimu umeanza. Nikizirudisha risasi hizi, mstari utafungwa mpaka shehena nyingine ifike. Wewe unataka nifunge?"

"Ndiyo, sir. Funga."

Alitabasamu. Akanisogezea karatasi ya ukaguzi, ile ambayo mtunza silaha, kazi niliyoibeba pia pale, husaini kuthibitisha kwamba shehena imepimwa na iko salama. "Sisi wote tuko hapa kwa sababu kafeel anaturuhusu," alisema, akimaanisha mdhamini aliyeshika vibali vyetu vya kukaa nchini. "Saini, tuendelee. Khalas."

Nikasaini.

Nimejaribu mara nyingi kuipamba sentensi hiyo na nimeshindwa. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu, nimebeba silaha tangu ujana, najua risasi mbovu ni nini, na nilisaini kwamba ni nzima kwa sababu niliogopa kurudishwa nyumbani. Mwezi uliofuata Meneja alinihamishia dukani. Alisema ni kupumzisha miguu yangu. Nilijua nimeondolewa kwenye mstari kwa sababu nilikuwa nasimamisha sana.

Duka lilikuwa mbele ya jengo hilo hilo, likiuza bunduki za uwindaji na za michezo kwa wenye vibali. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya kaunta, kuhakiki vibali na kufungua kabati. Huko nako nilikuta ushauri. Muuzaji mkuu alimwuzia mzee mmoja mafuta ya kulainisha, akamwambia ayamimine mengi hata ndani ya chemba, pale risasi inapokaa. Nilipomfuata mzee mlangoni kumwambia atumie tone moja tu, na chemba aiache kavu, muuzaji aliniita mbele ya wateja: "Sajenti, wewe ni wa kufungua kabati. Kufungua tu."

Mteja mmoja tu pale aliniamkia kama mtu. Bi Zuhura, mama wa makamo wa familia ya Kizanzibari iliyokaa Deira, hapo hapo Dubai, tangu enzi za babu yake. Alikuja kila Jumanne kupiga bastola, mtandio wake kaufunga barabara, na alipiga vizuri kuliko Kepteni. "Shikamoo mzee wangu," alikuwa akisema. "Wamekutia kabatini na wewe?"

Ilikuwa Jumanne, baada ya adhuhuri, niliposikia kishindo. Anayejua silaha hutambua mtutu uliopasuka hata kupitia ukuta. Niliruka kaunta.

Namukasa alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kizimba, mikono miwili usoni, damu ikipita katikati ya vidole. Hakuwa akilia. Alikuwa akirudia neno moja, "Nilisema, nilisema, nilisema." Kepteni alisimama pembeni, uso umempauka, akimwambia mteja mmoja asipige picha.

Yaliyotokea nilielezwa na Bi Zuhura, aliyekuwa kizimba cha pili. Mgeni mmoja alipiga, bastola ikatoa "pu". Namukasa akainua mkono, akasema simama. Kepteni akaja akicheka. Akasema bastola imesinzia, iamshwe. Mgeni akasita. Ndipo Kepteni akaitia bastola mikononi mwa Namukasa. "Mwonyeshe mgeni kwamba si kitu. Yalla, watu wanasubiri." Akakataa. Kepteni akamwambia kama anaogopa bastola, arudi kulinda mlango wa lile duka kubwa alikotoka. Akapiga. Kipande cha chuma kilipita pembeni ya miwani ile ya kinga ya bei rahisi tuliyopewa wafanyakazi, kikaingia jicho la kulia.

Mimi nilimshikilia mpaka gari la wagonjwa likaja. Nilipogeuka, Meneja alikuwa ameshafika na karatasi.

"Maelezo ya wafanyakazi," alisema kwa sauti yake ya upole, ofisini. Yalikuwa yamechapwa tayari. Yalisema msaidizi wa mstari alichanganya risasi zisizo za bastola ile, kinyume na maelekezo. "Saini hapa. Wewe ndiye mwenye ujuzi, neno lako lina uzito."

"Si kweli."

"Sajenti, fikiri vizuri. Ukisema risasi zilikuwa mbovu, wataniuliza nani alizikagua. Nitawapa karatasi yenye jina la nani?"

Hapo ndipo nilipomwelewa. Saini yangu ya kwanza ilikuwa kamba, na mwisho wake alikuwa ameushika yeye. Nilivaa kofia yangu. Nilimwambia: "Wape. Jina ni langu. Nami nitawaambia nilisaini vipi, na kwenye meza ya nani."

Nilikwenda polisi nikiwa na sare ya klabu na Kiarabu cha sokoni. Ofisa alinisikiliza kwa adabu, lakini nilimwona akichoka. Upande wa pili kulikuwa na Meneja, Kepteni na maelezo yaliyochapwa vizuri, na upande wangu mlinzi mzee anayekiri kwamba yeye mwenyewe alisaini uongo. Kisha Bi Zuhura akaingia na mwanawe wa kiume. Alikaa bila kuambiwa akae. Akazungumza Kiarabu cha mtu aliyezaliwa pale, polepole, bila kupandisha sauti, kila neno alilolisikia Kepteni akilisema. Alipomaliza akanigeukia kwa Kiunguja: "Sasa na wewe sema yako yote, usibakishe. Nami nitamfasiria."

Nikasema yote. Boksi zilichukuliwa na kupimwa, na zikakutwa kama nilivyosema.

Namukasa hakushtakiwa. Bima ililazimika kumtibu na kumlipa. Jicho halikurudi. Mimi nilipewa onyo na ofisa yule na barua ya kufukuzwa na klabu, na vyote viwili nilistahili. Meneja aliondolewa. Kepteni naye aliondoka kabla kesi haijaisha, na nilisikia baadaye kwamba amepata kazi klabu nyingine, nchi nyingine, kwa cheo kikubwa zaidi. Sijui kama ni kweli. Habari hiyo tu inatosha kuninyima hamu ya chakula.

Kwa msaada wa familia ya Bi Zuhura nilipata kafeel mwingine, nikamalizia miaka yangu Jebel Ali, upande wa bandarini, nikilinda ghala la vigae. Sikubeba silaha tena. Msimamizi wa Ghala, kijana wa watu, alinishangaa kwamba sajenti mzima naridhika na tochi na ufunguo. Niliridhika. Vigae havidanganyi mtu.

Namukasa yuko Entebbe. Anafundisha walinzi wapya. Nilimpigia simu mara nyingi kumwomba radhi, mpaka akakasirika. "Mzee, wewe ulisaini, mimi nilipiga," alisema. "Wote tulijua. Basi tuwafundishe hawa wasije wakafanya kama sisi." Mimi sijafika mahali alipofika yeye. Yeye aliambiwa apige akiwa amezungukwa na watu wanaosubiri. Mimi nilikaa kwenye kiti, mbele ya sahani ya tende, na kalamu niliishika mwenyewe.

Kwa hiyo ninyi mnaokwenda, nawaambia hivi. Mtapewa karatasi. Atakayewapa atakuwa mpole. Isomeni, na kama si kweli iacheni mezani, hata kama ndege ya kurudi ni kesho.

Siku ya kuagana Jebel Ali nilipewa cheti chenye fremu ya dhahabu. Kimeandikwa kwa lugha mbili kwamba katika utumishi wangu wote pale sikuwahi kuleta tatizo lolote. Mke wangu alitaka kukitundika sebuleni. Nilikitoa kwenye fremu, nikakikunja, nikawashia jiko la mkaa, na siku ile tulikunywa chai mapema.