Injini Aliyosema Imekufa

Mtaani walimwita Rubani, ingawa akipanda ngazi ya kubadilishia taa kichwa kilimzunguka mpaka mkewe amshike kiuno. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kufyekea nyasi, zile za kuning'iniza begani, katika chumba cha mlango wa bati kilichobanana na duka la kupiga chapa. Jina lake lilitokana na ndege. Alizichonga kwa mbao nyepesi, mabawa yake yakizidi urefu wa mkono wa mtu mzima, na kila Jumapili alizirusha kwa rimoti pamoja na wenzake wanne wenye ugonjwa huohuo.

Injini zake alizitoa kwenye mashine za nyasi zilizokwisha kazi. Aliivua injini ganda lake la plastiki na kamba ya kuwashia, maana ikiwa hewani propela ndiyo inayoipoza, na chini mkono ndio unaoiwasha. Aliondoa klachi, akapunguza ncha ya ekseli kwa msumeno, kisha akasaga kwa grenda mapezi yote ya gurudumu la kupulizia hewa, uzito upungue. Mwisho alifunga propela. Ikikubali kuwaka, alicheka peke yake kama aliyetekenywa.

Alikuwa na sharti moja, na alilitangaza kwa kila mtu: hachukui injini iliyo hai. Kwa hiyo wateja walimwamini. Rubani akikwambia mashine imekufa, hukuhangaika kuipeleka kwa mwingine.

Siku moja akaja Mama Bustani, mjane mwenye mabega mapana ambaye kazi yake ilikuwa kufyeka viwanja vya shule na zahanati. Akaiweka mashine yake juu ya meza.

"Fundi, inakohoa tu, haishiki. Niangalizie."

Rubani alipoifungua, moyo ulimruka. Ilikuwa injini ya zamani, nyepesi, yenye beringi imara pande zote mbili za ekseli. Alikuwa ameitafuta injini ya namna hiyo kwa miaka. Ugonjwa wake ulikuwa uchafu kwenye kabureta, kazi ya nusu saa, tena ya kupiga mluzi. Na mwezi ule wapenda ndege wa miji mitatu walikuwa wanakutana kwenye uwanja wa mpira, na yeye ndege anayo lakini injini hana.

Mama Bustani aliporudi jioni, Rubani alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, akiifuta hata pasipochafuka.

"Mama, pole. Hii imejifia. Pistoni imekwisha, silinda imekwanguka."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Mama Bustani aliitazama mashine kama mtu anayeaga. "Basi kaa nayo, labda utapata vipuri. Na asante kwa kuniambia ukweli. Wengine wangenizungusha mwezi mzima."

Rubani alifunga mlango, akawasha grenda.

Wiki iliyofuata alimwona mama yule zahanati, ameinama, anafyeka kwa fyekeo la mkono. Kila baada ya hatua chache alisimama akajishika kiuno. Rubani akageuza baiskeli na kupita njia ya nyuma, na tangu siku hiyo njia ya nyuma ikawa njia yake. Alijiambia kwamba ndege ikisharuka atamtafutia mashine nyingine. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara ilisikika vizuri.

Siku ya mkutano uwanja ulijaa. Nyasi zilikuwa zimefyekwa chini kabisa, safi, ndege zipate pa kutua. Rubani alivaa glovu, akapiga propela mara mbili, injini ikaitika. Ndege ilikimbia kidogo tu ikanyanyuka. Ilizunguka juu ya magoli na ikapinduka tumbo juu bila kuyumba, huku watu wakipiga makofi na wenzake wakimshika mabega. Alipoitua, alikuwa na furaha ambayo mtu huipata mara chache maishani.

Ndipo Mama Bustani akatokea katikati ya watu, fyekeo bado mkononi. Yeye na mkwe wake ndio waliofyeka uwanja ule, siku mbili, kwa mkono.

"Hongera, fundi!" Akainama kuitazama injini. Kidole chake kikagusa pezi moja la silinda lililomeguka. "Hili pengo nalijua. Niliangukia jiwe nayo pale shuleni. Kwani hii si yangu?"

Rubani alivua glovu. "Ndiyo, mama. Ni ile."

Mama Bustani akacheka, akawageukia watu. "Jamani, huyu ana mikono! Imekufa kabisa, akaifufua!"

Watu wakapiga makofi tena. Rubani akatabasamu. Angeweza kusema palepale, lakini alitabasamu, na baadaye tabasamu lile ndilo lililomtesa kuliko hata uongo wenyewe. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Asubuhi alimweleza mkewe yote. Mkewe aliendelea kukunja nguo.

"Mimi unaniambia ili iweje? Mwenye mashine unamjua."

Alijaribu kwanza kuirudisha injini ilivyokuwa. Lakini ekseli ilikuwa imekatwa, na mapezi yaliyosagwa hayaoti tena. Basi akachukua mashine yake mwenyewe, bora kuliko zote alizokuwa nazo, akaibeba begani hadi nyumbani kwa Mama Bustani. Alimkuta anaanika mashuka.

"Mama, injini yako haikufa. Ilikuwa chafu tu. Nilikudanganya kwa sababu niliitaka."

Mama Bustani alibana kibanio cha mwisho. "Nimefyeka wiki nne kwa mkono."

"Najua."

"Unajua, ndiyo. Ulikuwa unapita njia ya nyuma. Mimi nikamwambia mkwe wangu, fundi wa watu ana haraka." Sauti yake haikupanda. "Na jana nimekusifu mbele ya umati."

Rubani alisimama na mashine begani kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

"Iweke hapo mlangoni," mama akasema. "Nitaitumia, kazi haiwezi kusubiri hasira yangu. Ila ikiharibika, sikuletei wewe."

Na hakumletea. Siku hizi Rubani hufungua kila mashine mbele ya mwenyewe, mteja akipenda asipende, na kumwonyesha ugonjwa kwa kidole. Ndege ile ameivua injini, haijaruka tena. Wenzake walipomuuliza, hakumficha hata mmoja, na mmoja wao ameacha kuja chumbani kwake.

Juzi mashine ya Mama Bustani ilisikika ikilia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Ililia kwa sauti nyembamba mno, mafuta hayaifikii vya kutosha. Robo ya mzunguko wa skurubu ya kabureta ingetosha. Rubani alichukua bisibisi, akafika mlangoni kwake, akasimama. Mama alimwona. Akamwitikia kwa kichwa, kama anavyomwitikia mtu yeyote wa mtaani, kisha akamgeukia fundi wake.