Sahani Tatu za Jeremy

Nereah ana kibanda cha chakula katika mtaa wa Raila, Kibera, na mimi ndiye ninayemuuzia makaa. Kwa Nereah, ukibakisha chakula umemtukana. Nimemwona akisimama juu ya fundi mzima mpaka afute sahani.

Mwaka jana mdogo wake, Jeremy, alifunga siku tisa katika kanisa moja la mabati katika mtaa wa Kongo, Kawangware, akiombea kazi. Maji tu. Siku ya kumi akatembea mpaka Kibera, suruali imeshikwa na kamba. Nereah alimwona akalia. Akasonga ugali, akapakua matumbo na sukuma, akasimama hapo hapo kumhimiza. Sahani ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha. Kwa ya tatu Jeremy akasita.

"Kula, bana," Nereah akamwambia. "Nani ataandika mifupa kazi?"

Nikacheka. Sijajisamehe kile kicheko.

Kufika alasiri tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma. Alijaribu kutapika, hakikutoka kitu. Nasi, kwa ujuaji wetu, tukasema ni gesi. Nereah akamkorogea magadi, akanywa, likazidi kufura. Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nikimshikilia, anahema juu juu. Hospitalini walimpitishia mpira puani. Alikata roho kabla jua halijatua.

Daktari alieleza polepole: tumbo lililokaa tupu siku nyingi lilijazwa kwa mara moja, likashindwa kusukuma chakula mbele, likatanuka mpaka damu ikakosa njia. Ni jambo la nadra, alisema. Nereah akauliza kama angepewa kidogo kidogo angeishi. Daktari akatazama karatasi zake, akasema huenda.

Siku hizi Nereah akishapakua huwapa wateja mgongo. Hawezi kumtazama mtu akila. Mara nyingine mwiko hubaki hewani, nikamsikia akinong'ona, "Jeremy, wacha, imetosha." Naogopa kumgusa.

Lakini simu ya mama yao, kutoka Siaya, ndiyo inayommaliza. Siku ya msiba mama aliuliza jambo moja tu, kama mtoto alikula. Nereah akasema alikula, akashiba. Tangu hapo kila Jumapili mama hupiga, na kabla ya kukata humwambia neno lile lile.

"Asante, binti yangu. Ungemwacha afe na njaa, nisingelala."