Cuthbert wa Bawani

Baba yangu, Mzee Cuthbert, alikuwa na hadithi moja tu ya ujana wake, na hadithi hiyo ndiyo iliyomharibia jina. Alisema kwamba mwaka 1951, alipokwenda Newala kufyeka majani kwenye kiwanja cha ndege, alikuwa akikaa juu ya bawa la ndege ya Mzungu mmoja. Ndege inatembea chini, baba yuko bawani, anamwonyesha rubani njia kwa mkono. Kwetu, Lisekese nzima ilicheka. Mzungu gani wa enzi zile angempakia mfyeka majani kwenye bawa la ndege yake? Wakambatiza Cuthbert wa Bawani, na jina likamganda.

Nilipokuwa nasoma Lulindi, wenzangu waliniuliza kila Jumatatu baba ametua wapi. Nilikuwa nawapiga. Lakini moyoni nilikuwa upande wao, na hilo sikumwambia mtu.

Mwaka 2001 nilikuwa mchapaji katika duka la steshenari la Dada Isabela, pale Mkomaindo, karibu na hospitali. Zilikuwa siku za biashara huria. Kila aliyekuwa na chumba kinachotazama barabara alifungua duka, na Isabela aliona aende mbele ya wenzake, akaleta kompyuta iliyotumika kutoka Dar es Salaam. Ndani yake mmiliki wa kwanza alikuwa amesahau mambo mengi, pamoja na mchezo wa kuendesha ndege za vita vya zamani. Mchana, umeme ukiwepo na wateja wakiwa hawapo, niliufungua. Mimi nikiona kitufe nisichokijua situlii mpaka nikibonyeze.

Nilitaka kuruka. Sikufika huko, kwa sababu ndege ilinishinda ikiwa bado chini. Ilikuwa na magurudumu mawili makubwa mbele na kigurudumu kimoja mkiani, kwa hiyo ilikaa mkia chini na pua juu, kama kuku anayemeza maji. Kwenye kioo niliona pua na mawingu, basi. Nikaongeza moto, ikaenda, ikagonga lori. Nikaanza upya, ikagonga nyumba. Mara ya tatu niliona inaelekea kushoto, nikabonyeza kulia kwa nguvu, mkia ukataka kutangulia mbele, ndege ikajizungusha nzima nzima hadi ikalaza bawa chini. Nilikasirika hadi Isabela akaniuliza nagombana na nani.

Niliirudia karibu kila siku kwa wiki mbili. Nikajifunza kwamba mwendo ni wa taratibu kuliko unavyodhani, kwamba usukani uuvute kwako ili mkia ukae chini, na kwamba pua ikianza kukimbia unagusa upande wa pili kidogo tu, kisha unaachia mapema, kabla haijakutii. Ukisubiri ikutii umechelewa. Bado sikujua mtu anaendaje mahali asipopaona. Mchezo ulikuwa na kurasa za maelekezo kwa Kiingereza, nikazisoma na kamusi ya mwanangu Sabina mapajani. Zilisema rubani wa ndege hizi chini haoni mbele, hivyo aende kwa kupinda: kushoto kidogo achungulie, kulia kidogo achungulie. Zikaongeza kwamba mahali pembamba, pasipo na nafasi ya kupinda, fundi mmoja alikaa juu ya bawa na kumwonyesha njia kwa mkono.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Baba hajui Kiingereza, wala hajawahi kugusa kompyuta. Lakini maneno yake nilikuwa nayajua kwa moyo tangu utoto: "Ndege ile pua iko juu, Ethel. Rubani haoni mbele, anaona mbingu. Na kiwanja chembamba, pembeni visiki vitupu. Ndiyo maana nilikaa pale." Mambo hayo yote alikuwa ameyasema, nasi tukasikia lile la bawa tu, tukacheka. Niliona aibu, aibu ya kweli, nikaizima kompyuta kabla ya wakati.

Ilikuwa Jumanne. Wiki iliyofuata, Jumatatu, Mzee Vitalis, mwenyekiti wa baraza la kata, alileta uamuzi ulioandikwa kwa mkono nimchapie, wajumbe wausaini. Nilimwamkia, akaitika, akakaa. Kesi niliijua. Tangu wanunuzi binafsi wa korosho waanze kuja na magari yao, mikorosho iliyotelekezwa watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa ilipata wenyewe watatu watatu. Shamba la Magdalena, mjane wa rafiki wa baba, lilikuwa mojawapo, na baba ndiye pekee aliyebaki kati ya walioona miti ya mpaka wake ikipandwa. Alikwenda kutoa ushahidi akiwa na shati la Jumapili.

Nikachapa mpaka ukurasa wa pili, mstari wa sita: "Shahidi Cuthbert hakuaminika, kwa kuwa ni mtu anayejulikana kwa kudai kwamba aliwahi kupanda bawa la ndege."

Vidole vilisimama. Ningeweza kuuruka mstari ule. Wazee hawa husaini bila kusoma. Lakini kudanganya kwa ajili ya mtu aliyeitwa mwongo kungekuwa kumkubalia aliyemwita hivyo.

"Mwenyekiti," nikasema, "wewe pikipiki unaendesha?"

"Naendesha, Mama Sabina. Kwani vipi?"

"Naomba uniendeshee hii mpaka mwisho wa kiwanja. Usiruke."

Nilimwekea mchezo, nikamwonyesha vitufe. Nadhani alikubali kwa sababu tangu aingie jicho lake halikubanduka kwenye kompyuta. Ndege ikatoka. Akainua shingo, akainamisha kichwa, akasogea pembeni ya kiti kana kwamba angechungulia nyuma ya kioo. Ikagonga lori.

"Mbona sioni mbele?" akasema.

"Ndivyo alivyowaambia baba yangu."

Nikamfungulia ile sentensi, nikamtafsiria neno kwa neno, naye akanifanya nirudie. Nilitegemea abishe. Badala yake aliuliza swali ambalo kwa miaka hamsini hakuna aliyemuuliza baba, hata mimi.

"Sasa huyo wa bawani alikuwa anashika nini?"

Akaondoka na pikipiki yake, na baada ya saa moja akarudi na baba nyuma. Njiani hakuwa amemweleza kitu, kwa hiyo baba aliingia dukani kama mtu aliyeitwa polisi. Vitalis akamvutia kiti.

"Baba Ethel, nimekuita nikuulize. Bawani ulikuwa unashika nini?"

Baba alimtazama kwa muda, akitafuta kicheko usoni mwake. Hakukiona. Akakaa upande upande kwenye kiti, akashika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto. "Ukingo wa mbele," akasema. "Kwa huu. Huu mwingine ndio wa kazi." Akaunyoosha wa kulia, vidole vikacheza: huku, huku, taratibu, simama. Vilicheza kwa haraka na kwa uhakika, na mwili mzima ulionekana unaijua kazi ile.

Vitalis alitoa kalamu, akaufuta mstari wa sita, kisha akakunja karatasi zote akazitia mfukoni. "Usichape. Wajumbe watakaa tena Alhamisi. Baba Ethel, utakuja utueleze mpaka tangu mwanzo."

"Nitakuja."

Vitalis alipoondoka, nilimwonyesha baba ndege. Aliitazama sana, akagusa kioo pale penye bawa, ambapo hapakuwa na mtu. Kisha akaniuliza bila hasira.

"Wewe mwanangu, ulianza kuniamini lini?"

Ningeweza kusema siku zote.

"Jumanne iliyopita, Baba."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea kitu alichokingoja kikachelewa. Akashika tena ukingo wa meza, akanyoosha mkono.

"Haya, washa. Usinitazame mimi usoni, tazama mkono. Kushoto kidogo."