Kijani cha Watu wa Oicha

Harusi ilifungwa Butembo, na mama ya bibi arusi hakufika. Alikuwa Oicha. Wiki ile barabara ya kushuka Beni ilifungwa tena ju ya watu waliouawa mashambani, na hakuna mwenye moto, pikipiki ya kubeba watu, aliyekubali kumubeba. Waliojaza viti upande wake ni ndugu zake, wale waliokuwa wamekwisha kukimbilia Butembo. Kikwembe chao, kitenge cha sare, alikichagua mama yule mwenyewe, akakituma mapema: kijani cha sombe mbichi, majani ya muhogo. Upande wa bwana arusi walivaa bluu.

Mimi nilipiga picha, na mimi tena nilipanga filamu. Sikusoma sana. Montage, kazi ya kukata na kuunganisha picha, nilijifunza kwa kuchungulia kazi ya wengine, na mpaka leo mutu akinisifu nafikiri amekosea mulango. Kwa rangi nilitumia LUT, faili ndogo inayoambia ordinateur, kompyuta yangu: ukiona rangi hii, weka ile. Rafiki mumoja wa Beni alinipa zake. Nisimuseme vibaya: zilikuwa nzuri, studio nyingi mujini zilikuwa nazo, na harusi zetu zilipata sura ya filamu za wazungu. Niliweka moja juu ya harusi nzima, nikaridhika.

Tante ya bibi arusi, dada ya mama yake, akaja kutazama. Barabara ilikuwa imefunguliwa, na kesho kutwa ni yeye angebeba filamu mpaka Oicha. Alitazama misa yote, kisha akauliza:

"Batu betu bako wapi?"

"Ni hawa, tante. Benchi za kushoto."

"Hawa ni bakwe. Banavaa bluu." Akasogea karibu na ekrani ya ordinateur. "Na ule anacheza pale, si ni mimi? Mais, weye! Umeniolesha kwa bakwe bila hata mbuzi moja."

Tulicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Mama yake atatafuta kijani. Akiikosa, atasema mutoto yake ameolewa kama yatima. Na hatalia mbele yetu. Minamujua."

Alisema kweli. Ile LUT ilisukuma kijani yote kwenda bluu, na nyuso zetu iligeuza rangi ya mawese. Nikaitoa. Haikusaidia, ju kamera nilikuwa nimeipanga ichukue picha iliyopauka, rangi ziwekwe baadaye. Kanisa likawa majivu matupu, na kijani kama majani yaliyosahauliwa juani.

Nilitaka kumuambia atafute mutu anayejua. Kabla sijasema, alikuwa amefungua kikwembe chake cha juu na kukitandika kando ya ekrani.

"Tazama hii. Wacha ile ya wazungu."

Wazo lilikuwa lake. Naliandika hapa nisije siku moja kusema lilikuwa langu.

Tulisogeza meza karibu na mulango, kikwembe kipate mwanga. Kwanza nilisawazisha picha moja moja, nikitazama kanzu ya padri mpaka ikawa nyeupe. Kisha nyuso, weusi wetu ubaki weusi wenye damu ndani. Kisha kijani.

"Hapana, hiyo ni ya majani ya maboga," akasema tante.

"Na sasa?"

"Hiyo ni ya basoda, nguo za askari. Punguza, hao tuliisha kubaona."

Nikapunguza. Akagusa ekrani kwa kidole. "Hapo sawa. Ule ni kaka yangu."

Bluu ya bakwe nayo niliangalia isichafuke; wao hawakukosea mutu. Nikahifadhi hesabu ile yote ikawa LUT yangu mwenyewe, nikaiweka juu ya misa, ikakaa. Kwa picha za inje LUT ile ilikataa: kwa ukungu wa asubuhi watu walionekana wagonjwa. Basi nikatengeneza ya pili, ya ukungu wa Butembo. Hiyo sikuuliza mutu, na ilikubali mara moja. Nilisimama, nikazunguka kiti changu, nikakaa tena.

Tante alitazama filamu tangu mwanzo. "Kushoto kijani, kulia bluu. Kama siku yenyewe." Akajifunga kikwembe chake, akaenda.

Alifika Oicha salama. Kisha simu ikalia, sauti ya mwanamuke nisiyoijua.

"Ni weye wa picha?"

"Ndiyo, mama."

"Nimebaona. Benchi zote. Hata kaka yangu, mulevi ule, alikuja akiwa amenyoa." Akapumua. "Hapa jirani balisema mutoto yangu ameolewa peke yake kule. Jana nimebakalisha mbele ya televizyo. Benyewe bamenyamaza. Wasingya, aksanti kabisa."

Nilitaka kumuambia kwamba kazi kubwa ni ya wale waliojaza benchi; mimi nilirudisha rangi tu. Hakungoja. Alikuwa ameanzisha filamu tena: nilisikia nyimbo za misa ndani ya simu, na yeye anaita mutu mulangoni, sauti juu.

"Kuja uone. Hawa ba kijani, bote ni bangu."