Aliniletea isale, nikapokea bila kusikiliza kosa: blogu, kipindi na kitabu vilivyonifanya nimchongee rafiki

Wakuu, heshima kwenu wote. Walionizidi umri, shikamooni.

Miaka yote humu nimekuwa wa kusoma na kupita. Leo nina jambo limenikaa kifuani na nalitoa lilivyo, bila kutia chumvi. Nilichobadilisha ni majina tu. Mimi niiteni Deo, rafiki yangu nitamwita Evarist.

Twende.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili mwanzoni mwanzoni, internet cafe ndiyo zinachanganya Moshi mjini. Mimi naishi kwetu Kibosho na mama yangu. Nilikuwa nimejipa kazi tatu ambazo hakuna mtu aliyeniajiri kuzifanya.

Ya kwanza, blogu. Naandika mambo ya kwetu mlimani: kahawa, migomba, misiba, ubishi wa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi.

Ya pili ndiyo hii mnaiita podcast. Sisi tuliita kipindi. Najirekodi nyumbani kwenye redio kaseti, napeleka mjini cafe anakofanya kazi Evarist, yeye anaingiza kwenye kompyuta na ku-upload. Hiyo upload ilikuwa inakula mchana mzima. Wazee wasiojua kompyuta alikuwa anawatolea kopi za kaseti.

Ya tatu, kitabu. Hicho nilikuwa naandika kwa mkono kwenye kaunta buku.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penyewe.

Kitabu chote kilisimama juu ya kaseti moja. Bibi yangu mzaa baba alinisimulia jinsi alivyofiwa na mume akiwa bado msichana, ukoo ukataka kumtoa kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, na yeye akagoma. Alitaja nani alisema nini, nani alimgeuka, nani alimletea moto wa kupikia. Miezi mitatu baadaye akafariki.

Kopi sikuwa nayo. Nilimpelekea Evarist ile kaseti aiingize kwenye kompyuta kabla haijaharibika.

Jumapili moja nimetoka misa ya kwanza, nakimbilia mjini kupost, namkuta Evarist amesimama getini kwetu. Amevaa koti. Mkononi ana isale.

Kwa wasio Wachaga: isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda kwenye mipaka ya mashamba. Mtu aliyekukosea akikuletea isale, unapokea na unasamehe. Hata kama alikuchomea nyumba. Kulikataa ni kujitafutia balaa.

"Deo, nimekukosea," akasema. "Kuna jambo..."

"Aisee, yameisha," nikamkata. "Sisi ni ndugu."

"Acha niseme, nipate amani."

"Nimesema yameisha, Evarist! Hata usiseme."

Nikachukua jani, nikalichomeka dirishani, nikamshika bega, nikaondoka mbio. Nilijiona muungwana kweli kweli. Ukweli ni kwamba nilikuwa nawahi kompyuta kabla watoto wa shule hawajazijaza.

Sijafika hata barabara kubwa, swali likanijia. Kosa gani?

Maana wakuu, isale haliletwi kwa vitu vidogo. Ukimchelewesha mtu unamnunulia soda. Mtu akivaa koti akakata isale, ujue amefanya kitu.

Nilivyorudi nikamwambia mama kwamba nataka kesho nikamuulize. Mama akaacha kumenya ndizi.

"Umepokea?"

"Nimepokea."

"Basi. Ukishapokea halafu ukaanza kuchimbua, mkosaji unakuwa wewe."

Kwa hiyo sikuuliza. Nikaanza kuchunguza.

Nikabadilisha password ya blogu. Baada ya siku mbili nikabadilisha tena. Kuna blogu ya Dar iliandika habari ya mbege, nikaisoma mara tatu natafuta sentensi zangu. Sikuziona, nikasema huyu mjanja, amezigeuza.

Siku nyingine nikamkuta Evarist anaongea na wazungu wawili walioshuka mlimani. Anacheka nao. Nikajisemea, ahaa, wateja wa kaseti ya Bibi hao.

Nikamsogelea. "Kaseti ya Bibi vipi?"

Hakuinua macho. "Ipo."

"Umeshaingiza?"

"Ipo, Deo."

Hapo nikasema basi, ameiuza. Ushahidi sina hata wa dawa, lakini moyoni nilishamhukumu na rufaa nilishaikataa.

Na zile kazi tatu? Zimelala. Blogu wiki tatu haina post. Kipindi nikakaa kimya, nitampa nani arushe wakati simwamini? Kitabu hata mstari. Kichwani nilikuwa naandika kesi ya Evarist tu, sura kwa sura, na ilikuwa inaenda vizuri kuliko kitabu.

Ndipo nilipofanya lile ninaloona aibu nalo mpaka leo.

Mwenye cafe alikuwa mama mmoja, tumwite Mama Ritha. Watu walikuwa wanaacha kwake vyeti, barua, pasipoti, kwa hiyo biashara yake yote ni kuaminiwa. Nilimkuta peke yake kaunta. Sikumwambia Evarist ni mwizi. Nilisema hivi tu: "Mama, huyo kijana mwangalie."

Akaniuliza kwa nini. Nikanyamaza, nikatikisa kichwa kama mtu anayeficha makubwa. Kule kunyamaza kulifanya kazi kuliko matusi.

Haikupita wiki, Evarist hana kazi. Alinisubiri nje ya cafe na mfuko wa rambo wenye kaseti zangu.

"Vitu vyako vyote vimo," akasema. Akanipa mkono, akaondoka.

Nikafika nyumbani mchana, nikaweka ile kaseti iliyoandikwa BIBI. Nikabonyeza.

"Karibuni tena wasikilizaji popote mlipo..."

Sauti yangu mimi!

Nikapeleka mbele. Mimi. Nikapeleka tena. Mimi. Amerekodi kipindi juu ya sauti ya Bibi! Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Lakini nimeahidi kweli, basi na hii pokeeni: ndani yangu kuna kitu kilifurahi. Kilifurahi kwamba nilikuwa sahihi.

Nikamwita mama aje asikie alichofanya huyo rafiki yangu. Akakaa. Nikarudisha mwanzo, tukasikiliza wote.

Kwenye kaseti najikwaa maneno. Nasonya. Naanza upya. Najikwaa tena. Halafu nyuma ya sauti yangu ikasikika ya mama mwenyewe, inatokea jikoni: "We Deo! Mtori unapoa!"

Mama akanitazama.

Wakuu, hapo nikaelewa. Kile hakikuwa kipindi. Yalikuwa mazoezi, na mazoezi sikuwahi kumpa mtu yeyote. Kuna siku kaseti tupu ziliniishia, post haijaisha, kipindi kinadaiwa kesho yake, nikachomoa kaseti ya juu kwenye boksi nijipime sauti. Haikuwa na lebo kwa sababu lebo ningeandika "nikipata nafasi". Nikaisahau mle mle kwenye redio, baadaye nikairudisha kwenye kava lake. Wiki ile ile nikaandika BIBI juu yake bila kuisikiliza, nikampelekea Evarist.

Bibi alishafutika kabla kaseti haijatoka nyumbani. Nilimfuta mimi.

Evarist alibonyeza, akasikia mwanzo wa kipindi ambacho alishakitolea kopi mara nyingi, akaamini ni mkono wake uliokosea. Hakusikiliza mpaka kwenye mtori. Angesikiliza wapi, na roho ilishamruka?

Mwishoni kabisa kimebaki kipande kidogo. Bibi anasema nizime hicho kidude, kinamaliza betri.

Mama hakunipa pole. Alitoka nje, akarudi na isale, akaniwekea mezani.

Evarist alikuwa amehamia Bomang'ombe kwa dada yake, anauza viatu vya mitumba sokoni. Nilimkuta anapanga bidhaa chini. Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Hakulishika.

"Sema kwanza," akasema.

Nikasema. Mbele ya wateja, mbele ya dada yake. Nikasema habari ya kaseti, ya mazoezi, ya mtori. Nikasema na yale maneno niliyompelekea Mama Ritha, na vile nilivyotikisa kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ngumi, na kwa kweli nilikuwa naitamani.

Evarist alikaa juu ya belo la mitumba, kiatu kimoja mkononi.

"Kumbe sikuwa mimi," akasema.

Nikaanza habari ya kazi, kwamba nitaenda kwa Mama Ritha nikamweleze. Hakunisikia.

"Nilikuwa nafika mlango wa kanisa narudi," akasema. "Naona nimemuua bibi wa watu mara ya pili. Deo, kumbe sikuwa mimi."

Akalipokea isale huku analia.

Kwa Mama Ritha nilienda kesho yake. Alinisikiliza vizuri, akasema alishaajiri mwingine. Na nikaona kabisa kwamba hakuniamini. Alidhani namtetea rafiki.

Nilichojifunza: ukifanya kazi tatu peke yako, usiahirishe vitu vidogo kama lebo. Na mtu akija kuungama kwako, nyamaza amalize, maana huruma yangu ya haraka haraka ilikuwa uvivu wa kusikiliza. Kitabu sijakimaliza mpaka leo.

Kuna ndugu wa Evarist wawili watatu ambao bado wananipita njiani bila salamu, na wana haki.

Wadau, karibuni mnirarue, nimekaa tayari. Ila kuna swali ambalo ndilo limenifanya nifungue uzi huu, na nauliza kwa dhati. Aliyewahi kumwekea mtu doa kwa maneno machache, akafanikiwa kulifuta likatoka kabisa, aniambie alifanyaje. Mimi nilichoweza kufuta ni sauti ya Bibi tu.