Kitanda cha viazi

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya mtaa huku Masaka, mtoto mgongoni, kwa sababu afisa kilimo alikuwa anaandikisha kila mwenye shamba: msimu huu bonde zima ni mahindi, basi, na mimi kashamba kangu ndiko kanakomlisha huyu mtoto viazi vitamu.

Mbele yangu bibi mmoja aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mwanangu, mama yangu alilazimishwa kupanda kahawa mpaka mlangoni. Bei ikaanguka. Unajua tulikula nini?"

"Mukecuru, bibi yangu, hao walikuwa wakoloni wa Kibelgiji," afisa akacheka. "Hii ni sera yetu wenyewe."

"Ndiyo maana nakwambia wewe. Wale nisingethubutu. Andika mahindi, ila pembeni niachie viazi, upana wa kitanda."

Akatandaza mikono kuonyesha. Kipana kweli.

"Kitanda cha watu wangapi hicho?"

"Wajukuu sita."

Foleni nzima ikacheka, na afisa akaandika.

Mimi sera siipingi, mahindi yanauzika. Lakini hata kahawa ile ilikuja na ahadi nzuri, na mtoto mwenye njaa humwambii asubiri bei ipande. Zamu yangu ilipofika nikatandaza mikono yote miwili.

"Na mimi kitanda."

"Una watoto wangapi?"

"Mmoja," nikasema, "ila anagaagaa sana."

Akaandika.